Amplifaya kwenye gari dogo: uiweke wapi, na uifunge vipi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina gari dogo la milango 5. Kaka yangu amenipa amplifaya ya chaneli 4, wati 75 RMS kwa kila chaneli, daraja la AB. Urefu wake ni sentimita 32, upana 22 na kimo 5.5. Buti limejaa: kuna boksi la sabufa ya inchi 10, na chini ya sakafu kuna tairi la akiba. Fundi niliyempata anataka kuipiga skrubu juu ya boksi la sabufa, na kama sitaki, aisukumie chini ya kiti cha abiria wa mbele. Nimepima, chini ya kiti kuna sentimita 11. Naogopa gari kushika moto. Kati ya sehemu hizo mbili, ipi ni salama?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Nakushukuru kwa kuja na vipimo mkononi, maana wengi huniuliza bila hata kufungua rula. Kwa amplifaya hiyo, hakuna sehemu hata moja kati ya hizo mbili ninayoikubali. Ipo ya tatu ambayo gari lako linayo tayari, nitakuonyesha. Ila kwanza nikueleze kwa nini nakataa hizo mbili, ili hata fundi wako akibisha uwe na cha kumjibu.

Boksi la sabufa linavutia kwa sababu liko wazi, ni la mbao, na skrubu zinaingia kirahisi. Lakini boksi hilo ndicho kitu kinachotikisika kuliko vyote ndani ya gari. Besi ya sabufa inacheza kati ya mitetemo 30 na 80 kwa sekunde, na ukuta wa boksi hutikisika nayo. Ndani ya amplifaya kuna kapasita kubwa (vihifadhi umeme) zinazosimama juu ya bodi kwa miguu miwili myembamba iliyoshikwa na lehemu. Mtikisiko wa miezi hupasua lehemu hiyo taratibu, na amplifaya huanza kukatakata sauti bila sababu inayoonekana. Kibaya zaidi ni zile skrubu ndogo zinazobana waya wa moto na waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bati la gari. Nazo hulegea.

Hapo kwenye kulegea ndipo moto unapoanzia mara nyingi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Amplifaya yako ikitoa wati 300 kwa jumla, na kwa daraja la AB (aina ya saketi ya amplifaya) tukikadiria asilimia 55 ya umeme inageuka kuwa sauti, itavuta karibu ampea 40 kutoka kwenye mfumo wa volti 13.8. Sasa chukua kiungio kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haitakionyesha vizuri. Ampea 40 zikipita hapo zinazaa wati 16 za joto, mahali padogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hilo ni joto la pasi ndogo ya lehemu. Plastiki ya waya inalainika, inageuka kahawia, kisha nyeusi. Fyuzi haikatiki, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa: ampea ni zilezile 40. Ndiyo maana nasema amplifaya isikae juu ya kitu kinachotikisika, hata kama ingetosha hapo kama vile imepimiwa.

Na kama boksi lako ni la kuziba, kila skrubu inayotoboka hadi ndani ni tundu la hewa. Besi itapungua nguvu na utaanza kumlaumu aliyekuuzia spika.

Tuje kwenye kiti. Chini ya kiti cha abiria wa mbele si mahali pabaya, mimi mwenyewe nimefunga nyingi hapo. Shida ni kwamba sentimita 11 ulizopima si sentimita 11 utakazozipata. Ulipima kiti kikiwa kitupu. Mkalishe mtu mzima mzito, kisha pima tena kutoka kwenye springi iliyoshuka chini zaidi. Kwa viti vingi utapoteza sentimita 2 hadi 3. Tuseme zimebaki 8.5. Amplifaya ina kimo cha 5.5. Inatakiwa iinuliwe walau 1.5 kutoka kwenye zulia, na juu yake ibaki nafasi ya hewa isiyopungua 2.5. Jumla ni 9.5. Haiingii. Itaingia kwa kusukuma, ndiyo, na springi itaikwaruza mgongoni kila mtu akikaa.

Halafu kuna urefu. Watu hupima amplifaya wakasahau nyaya. Waya mnene wa moto hauwezi kukunjwa kwa pembe kali pale unapotoka, unahitaji sentimita 5 au 6 ndipo ugeuke. Za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio) na za spika zinataka vivyo hivyo upande wa pili. Kwa hiyo ile 32 yako ni 43 ikiwa imevaa nyaya zake. Sasa pima kati ya reli mbili za kiti uone kama inafika.

Kwa nini nasisitiza kuinua? Sakafu ya mbele upande wa abiria hulowa kuliko watu wanavyodhani. Bomba la kutoa maji ya kiyoyozi likiziba, maji humwagika chini ya dashibodi na kuingia chini ya zulia, na juu huwezi kuyaona. Kuna mteja aliyeniletea gari ambalo amplifaya yake ilikuwa imezimika. Nilipoinua zulia, sponji iliyo chini yake ilikuwa imejaa maji kama ya kuoshea vyombo, na ethi yote ilikuwa imeota kutu ya kijani. Amplifaya ilikuwa imelazwa moja kwa moja juu ya zulia hilo. Ingekaa juu ya vipande vya plaiwudi vya sentimita 2, pengine ingepona.

Kwa anayesoma hili akiwa na nafasi zaidi yako, au akipata amplifaya ndogo ya daraja la D yenye kimo cha sentimita 4, chini ya kiti panafaa kwa masharti. Chungulia kwanza kwa tochi. Magari mengi yana njia ya hewa ya moto inayopita chini ya viti vya mbele kwenda kwa abiria wa nyuma. Amplifaya isikae mbele ya mdomo wake. Angalia soketi za rangi ya njano. Hizo ni za mifuko ya hewa ya pembeni na za kukaza mkanda, si za kuvutwavutwa. Kama kuna ulazima wa kuzigusa, zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika 3 au muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari kama ni mrefu zaidi, na usiwashe swichi zikiwa zimechomolewa, la sivyo taa ya onyo ya mifuko ya hewa itawaka na kubaki hivyo. Ukiikuta nafasi hiyo imeshachukuliwa na kifaa cha kiwandani, achana nayo kabisa.

Njia ninayowapa wote ni hii: kata boksi la karatasi ngumu lenye ukubwa wa amplifaya pamoja na nyaya zake na nafasi ya hewa juu. Liweke pale unapotaka. Sukuma kiti mbele hadi mwisho, rudisha nyuma hadi mwisho, kishushe kama kinashuka, kalia, mwambie mtu wa nyuma anyooshe miguu. Likae hapo siku 3. Likitoka limepondeka kona moja, umeokoa amplifaya na pengine gari.

Sasa ile sehemu ya tatu: mgongo wa kiti cha nyuma, upande wa buti. Kwa gari lako hapo ndipo ningeifunga. Inasimama wima, haikai kwenye maji, na sauti ya sabufa haiitikisi kama ingekuwa juu ya boksi. Mapezi ya kupozea yaelekee juu na chini, siyo kulala kushoto na kulia, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Mapezi yakisimama yanakuwa kama dohani, hewa baridi inaingia chini na ya moto inatokea juu. Usiigeuze kifudifudi popote pale, mapezi yakitazama chini, maana joto litapanda kurudi kwenye bodi yenyewe. Na hiyo ya daraja la AB ina joto jingi. Karibu nusu ya umeme inaoumeza haiwi sauti, inabaki hapo hapo kama joto, wakati ya daraja la D nzuri hupoteza asilimia 10 hadi 25 tu. Usiizungushie kapeti, usiifunike kwa paneli isiyo na matundu.

Ila mgongo wa kiti una mitego yake. Usipige skrubu moja kwa moja kwenye bati la kiti. Bati hilo ni jembamba, na nyuma yake kuna sponji, na mbele ya sponji kuna mgongo wa mtu. Chukua plaiwudi ya milimita 12, iliyo pana kuliko amplifaya kwa sentimita 5 kila upande. Mimi naipenda plaiwudi kuliko ile mbao ya unga uliogandishwa, kwa kuwa ile ikipata unyevu huvimba na skrubu huchomoka kama jino bovu. Ubao huo ushikwe na bolti ambazo tayari zipo kwenye bawaba na fremu ya kiti, kwa kutumia vibati vya pembe. Usitoboe fremu yenyewe. Ndiyo inayozuia mizigo ya buti isiwaangukie abiria gari likigonga. Bolti za mkanda usiziguse kabisa, wala kwa ethi wala kwa kibati. Amplifaya nayo ishikwe kwenye ubao kwa skrubu 4, zote 4, zisizozidi milimita 10 za kuzama, na kati yake na ubao weka washa za raba.

Usiniambie ni nzito, haitatoka. Kitu cha kilo 3 gari likisimama ghafla kwa mgongano wa nguvu mara 20 ya mvutano wa dunia kinakuwa na nguvu ya mzigo wa kilo 60. Gundi ya pande mbili au kitambaa cha kunasa hakikishikilii. Boksi la sabufa lenyewe ni zito zaidi: lifunge kwa mikanda kwenye pete za sakafu ya buti, na liache uwazi wa walau sentimita 5 kati yake na amplifaya, wazi hata ukifunga breki kali.

Kwa kuwa kiti chako hukunjwa, nyaya ziache kitanzi legevu karibu na bawaba. Kunja kiti, kirudishe, mara kumi, ukitazama kama kuna waya unaobanwa.

Ukiona mgongo wa kiti haufai, utafikiria ubavuni mwa buti, nyuma ya paneli ya plastiki juu ya tairi. Inawezekana, ila ujue upande mmoja umepitiwa na bomba la kujazia mafuta. Chagua upande wa pili. Pia huko nyuma ya bampa kuna vitundu vya kutolea hewa ya ndani ya gari, visizibwe. Shimo la tairi la akiba mimi silipendi: maji yakiingia kwenye buti hukusanyika hapo, na siku ya pancha utalikumbuka tairi lako.

Tukifika kwenye kutoboa, nakuomba usikilize kwa makini. Sehemu yoyote utakayoichagua, kabla drili haijawashwa, nenda uone upande wa pili. Kwa macho, siyo kwa kukisia. Inua zulia, fungua paneli, ingia chini ya gari likiwa limesimamishwa kwenye stendi imara. Magari mengi madogo yana tangi la mafuta chini ya kiti cha nyuma, kabisa chini ya bati la sakafu. Mabomba ya breki na ya mafuta hupita kandokando ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma. Niliwahi kuletewa gari lililokuwa linaunguza fyuzi ya taa za breki kila mara. Tulitafuta siku nzima. Mwisho tulikuta skrubu ya amplifaya imepenya kwenye bunda la nyaya upande wa pili wa bati na kuunganisha waya wa taa za breki na bodi ya gari. Ingeshuka kidole kimoja zaidi, ingekutana na bomba la mafuta. Aliyefanya kazi hiyo hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Kama ni lazima utoboe, funga utepe kwenye ncha ya drili ukiacha milimita chache tu, ili isizame kupita unapotaka. Kisha paka rangi ukingo wa tundu, bati lisianze kutu.

Wenye magari ya haiburidi, yanayotumia mafuta na umeme, waongeze tahadhari moja. Betri kubwa mara nyingi iko chini au nyuma ya kiti cha nyuma, baadhi zikiwa na volti zaidi ya 200, na nyaya zake ni za rangi ya machungwa. Hapo hapatobolewi, na tundu la hewa linalopoza betri hiyo, ambalo mara nyingi liko pembeni ya kiti cha nyuma, halizibwi.

Nyaya sasa. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, siyo karibu na amplifaya. Kazi yake ni kulinda waya. Betri ya gari ikigusanishwa moja kwa moja na bodi ya gari hutoa mamia ya ampea, na waya usio na fyuzi unakuwa mwekundu kama koili ya jiko tangu mbele hadi nyuma, chini ya zulia, chini ya miguu yako. Kwa amplifaya yako weka fyuzi ya ampea 40 kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 16. Wa 8 utafanya kazi, lakini kwa mita 5 hadi kwenye buti utapoteza kama volti 0.44 kwenye mzigo kamili, na wa 16 unapoteza nusu yake. Jihadhari na nyaya za bei rahisi za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, hiyo inapitisha karibu theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hiyo lazima iwe nene zaidi.

Waya unapopita kwenye ukuta wa injini, tumia tundu lenye raba. Bati tupu ni kisu, litaukata waya polepole kwa kila mtikisiko. Reli ya kiti ni kisu kingine. Upitishe waya wa moto upande mmoja wa gari, na za RCA upande mwingine, vinginevyo utasikia mlio wa injini ndani ya muziki.

Ethi iwe fupi, chini ya sentimita 50, na unene uleule wa waya wa moto. Kwangua rangi kwa msasa hadi bati ling'ae, tumia bolti na nati na washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu yake isiote kutu. Skrubu ya kujitobolea peke yake kwenye bati jembamba sio ethi. Na usiifunge kwenye kiti chenyewe. Kiti kinachokunjwa kinagusana na bodi ya gari kupitia bawaba zilizopakwa rangi na grisi. Tafuta bati la gari lenyewe.

Kazi yote hii ifanyike waya hasi wa betri ukiwa umetolewa, na fyuzi kuu iwe ya mwisho kabisa kuwekwa.

Jambo moja kuhusu joto. Kama sabufa yako ni ya omu 4 na utaunganisha chaneli 2 kuiendesha, hakikisha amplifaya inaruhusu kuunganishwa hivyo kwenye omu 4. Ukiiwekea mzigo wa omu 2 isiyouruhusu, itavuta ampea nyingi, itachemka, na hakuna mahali pa kuifunga patakapoiokoa. Feni ndogo ya volti 12 yenye upana wa sentimita 8, iliyowekwa chini ikipuliza juu kupitia mapezi na kuwashwa na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoamshwa na ule waya mwembamba unaoiamsha amplifaya, inasaidia sana kwenye gari linaloachwa juani.

Ukishamaliza, endesha kwa saa nzima na muziki kwa sauti unayosikilizia siku zote. Simamisha, fungua buti, weka kiganja juu ya mapezi. Ukiweza kukiacha hapo kwa sekunde 5, uko salama. Usipoweza, joto limefika karibu na nyuzi 60 au zaidi. Ongeza uwazi au feni kabla hujaendelea kuitumia. Gusa pia viungio vya waya wa moto, kishikio cha fyuzi na bolti ya ethi. Hivyo vinatakiwa viwe vuguvugu tu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, hicho ndicho kilicholegea.

Baada ya wiki moja rudia kukaza kila kitu, kuanzia betri hadi ubaoni, kwa sababu nyuzi za shaba hujipanga upya chini ya skrubu na kuacha ulegevu. Ukikuta skrubu ya moto au ya ethi imezunguka hata robo, itoe, kata ncha ya waya, bana kichwa kipya cha waya, kisha ufunge upya.